Nani Kawasha Mashine

Karatasi ilipotua mezani pangu, kati ya kopo la gundi na kiatu cha mtu kisicho na soli, nilijua kabla ya kuisoma kwamba itatuangamiza. Sentensi ilikuwa moja tu. Ilianza juu ya ukurasa ikaishia chini, bila nukta katikati, kama mtu anayesimulia huku anakimbizwa.

"Soma upesi," alisema Katibu. "Tukitoka hapa tunaingia kwenye kikao."

Katibu ni mama wa idara ya kufungasha, katibu wa kamati ya wafanyakazi pale kiwanda cha mikate. Nyuma yake walisimama mashahidi wenzake, nguo nyeupe kwa unga: Mama Tanuri, ambaye mikono yake imeungua hadi imeota sugu, Babu Chachu, mzee wa kuchanganya hamira, mtu asiyeweza kufunga mdomo hata msibani, na Mpimaji, kijana wa mizani ya unga, ambaye tangu aingie alikuwa akiangalia viatu vya wateja wangu kana kwamba anataka kununua vyote.

Banda langu la viatu linatazamana na lango la kiwanda. Sikulijenga hapo kwa bahati. Mwaka wa mgomo wa kwanza walinitoa mle ndani wakiwa wamenishika kola, nikasema sawa, lakini kila asubuhi mtakapofungua lango mtaniona. Wananiita Kengele. Mameneja watatu wamekuja na kuondoka, mimi bado nagonga misumari hapa.

Kwenye benchi la wateja alikaa dada yangu, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Ndani ya bandeji ile kulibaki vidole viwili.

Mambo yalikuwa hivi. Mashine ya kukandia unga ni pipa la chuma lenye mkono mzito unaozunguka ndani. Kuisafisha lazima mtu ainame ndani yake. Ndiyo maana kuna sheria: swichi ina ufunguo mmoja, na anayesafisha anauvaa shingoni kwa uzi mpaka amalize. Dada yangu alikuwa ndani ya pipa, ufunguo uko shingoni, na mashine ikawaka. Kiwanda kikasema aliuacha ufunguo kwenye swichi. Kikasema uzembe. Na mzembe kwao hana kazi. Mwanamke wa miaka yake, mwenye vidole viwili mkono wa kulia, akishafukuzwa kwa uzembe ataajiriwa na nani? Hata kufagia hawampi.

Kikao cha siku ile ndicho kingeamua. Nami nilishika mkononi utetezi wake wote, ambao ulisomeka hivi:

"Sisi wafanyakazi wa zamu ya asubuhi, tukiwa katika kutekeleza majukumu yetu ya kila siku, na mmoja wetu akiwa karibu na mizani, huku dada yetu akiendelea na usafi ndani ya pipa kama ilivyo kawaida, na ufunguo uliokuwa shingoni mwake ukiwa haujaondolewa, na baadhi ya viongozi wakiwa wanapitapita katika eneo hilo wakiwa na funguo zao, aliona kwamba mashine, kwa sababu ambazo uongozi wenyewe unazifahamu, iliwashwa na kusababisha madhara yaliyotokea."

"Imekaa vizuri," alisema Babu Chachu. "Ina uzito."

"Gunia la mawe pia lina uzito, mzee."

Nilichukua vipande vya ngozi nilivyokuwa nimevikata kwa ajili ya viraka. Hii ndiyo njia yangu, sikufundishwa na mtu. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha. Kilichonifundisha ni yale makubaliano yaliyoua mgomo wetu. Tuliyapigia makofi kwa sababu yalikuwa na maneno mazuri. Nilipofukuzwa niliyabandika ukutani, nikawa nafunika neno hili na lile kwa ngozi, mpaka nikabaki na mtu na kitendo chake. Nikagundua kwamba katika ukurasa mzima wafanyakazi waliahidi kila kitu, na kiwanda hakikutenda hata kitendo kimoja. Tulipigia makofi kitanzi chetu. Tangu siku hiyo sisomi sentensi yoyote kabla ya kuivua nguo.

Nikaweka kipande juu ya "tukiwa katika kutekeleza." Nikaweka kingine juu ya mizani, kingine juu ya usafi, kingine juu ya ufunguo, kingine juu ya viongozi wanaopitapita, na hivyo hivyo hadi chini. Nikageuza karatasi iwaelekee.

"Haya. Kilichobaki ni nini? Someni."

Mama Tanuri alisoma polepole. "Sisi… aliona… mashine… iliwashwa."

Babu Chachu alicheka mpaka akakohoa. "Sisi aliona! Ala! Mjukuu wangu wa chekechea angemtuma mwalimu nyumbani."

"Ni kosa dogo la kalamu," Katibu alisema, uso umemwiva. "Nipe, naweka 'tuliona' hapo, tunakwenda."

"Ukiweka 'tuliona' unasema uongo. Nyote wanne mliona?"

Katibu aliurudisha mkono wake.

"Mwenyekiti wa kikao ni hakimu mstaafu. Yule mama hasomi, anachimba. Atauliza swali moja tu: nani kati yenu? Na mkishatazamana, basi, karatasi kapuni na dada yangu nje ya lango. Sasa niulize mimi kabla yake. Nani aliona?"

Sikuhitaji jibu. Macho ya watatu yalijizuia yasigeuke, na hayo yakatosha. Mpimaji alikuwa ameshika kiatu cha mteja, anakibonyezabonyeza ncha.

"Mwanzoni alisema 'niliona'," Katibu alinong'ona hatimaye. "Nikaandika hivyo hivyo. Halafu tukaogopa. Tukaweka 'sisi' mbele, tukabadilisha hapa na pale, kila mtu akachomeka neno la kumfunika. Ndiyo maana limekaa hivyo."

"Mmemfunika mpaka hana miguu."

"Nani alitufundisha?" Katibu alinigeukia kama mtu aliyekuwa akilingoja neno hilo siku nyingi. "Eti Kengele? Nani alisimama hapa hapa akatuambia, msiandike 'mimi' hata siku moja? Andikeni 'sisi', watashindwa pa kushika! Maneno ya nani yale?"

Yalikuwa yangu. Nayarudia na leo. Mwaka wa mgomo tulipeleka madai, kila mtu na jina lake, mimi nadai, mimi nataka, mimi nimeumia. Walituita mmoja mmoja kama kuku wanavyotolewa bandani. Nawakumbuka wote. Namkumbuka mchomaji mikate aliyekufa akiuza karanga, na yule mwenzangu wa tanuri la pili aliyehama mji bila kuaga. Kwa hiyo niliweka sheria, na kamati ikaishika kama dini: hakuna mimi. Penye wengi hapaharibiki neno, nikawaambia. Sasa neno liliharibika mbele yangu, na penye wengi.

"Sheria ni ya madai," nilisema. "Ushahidi ni kitu kingine. Jicho halina kamati." Nikamwendea Mpimaji. "Wewe. Uliona nini? Kwa maneno machache."

"Kaka Kengele…"

"Nani kawasha mashine?"

"Kaka, nyumba ninayokaa ni ya kiwanda. Mke wangu hajafikisha hata wiki tangu ajifungue. Wakiniandikia barua leo, kesho godoro liko barabarani."

"Na dada yangu je, yeye hana godoro? Ana vidole viwili! Utaingia mle umevaa 'sisi' kama shuka, ukitoka…"

"Kengele!"

Dada hakupaza sauti. Hajawahi kuihitaji. Ndiye aliyenilea mama alipoondoka, na mpaka leo akinitaja kwa sauti ile nahisi masikio yanatafuta mkono wake.

"Mwache mtoto wa watu. Mkono ni wangu. Sitaki niurudishe kazini kwa kumtoa mwingine nje. Kama hawezi, hawezi."

"Dada, bila yeye umekwisha."

"Basi nimekwisha. Nishaona mengi."

Ng'ambo ya barabara king'ora cha kiwanda kililia, cha kumaliza mapumziko. Katibu alinyoosha mkono kuchukua karatasi. Mama Tanuri akamtangulia. Alikuwa ameinamia meza muda wote, hasemi, na sasa alinyanyua kipande kimoja cha ngozi kwa ukucha.

"Na hii je? Mbona umeifunika?"

"Ni mapambo hayo, Mama. Nimebakiza mtu na kitendo."

"Mapambo?" Alinitazama kama mtu anayetazama mkate ulioungua. "'Ufunguo uliokuwa shingoni mwake.' Hii si mapambo, hii ni mimi. Mimi ndiye niliyemtoa dada yako mle ndani. Mimi ndiye niliyeukata ule uzi kwa kisu cha mikate, maana ulikuwa unamkaba. Ufunguo uliniangukia mkononi. Wewe bwana unayekata kila kitu, umenikata na mimi."

Babu Chachu naye akasogea, akanyanyua ngozi nyingine.

"Kumbe na mimi nimefunikwa. 'Baadhi ya viongozi wakiwa wanapitapita.' Baadhi gani? Ni Haraka yule, peke yake. Alinipita pale kwenye hamira, funguo zinalia kiunoni kama mbuzi mwenye njuga, anasema, 'Huyu mama ananichelewesha.' Nilimsikia kwa masikio haya mabovu."

Haraka ndiye msimamizi wa zamu. Jina hilo la utani hajalisikia, au alikuwa hajalisikia mpaka siku ile.

Nikauona ujinga wangu na wao kwa pamoja, na sikuwa na muda wa kuuonea haya. Sentensi ile haikuwa ndefu kwa sababu ya woga tu. Ilikuwa watu wanne wamesongamana mlango mmoja. Nikaangusha ngozi zote chini, nikageuza karatasi upande mweupe.

"Kila mtu atoke kwa mlango wake," nilisema. "Mama Tanuri, sema chako. Anza na 'mimi', malizia ulichofanya, halafu nyamaza."

"Mimi niliukata uzi. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake."

"Nukta. Babu?"

"Mimi nilimwona msimamizi akienda kwenye mashine. Alikuwa na funguo zake."

"Njuga ziache."

"Njuga ndizo tamu."

"Ziache! Katibu?"

"Mimi sikuona kitu. Nilikuwa kwenye kufungasha."

"Ulisikia?"

"Nilisikia mashine imeanza. Halafu nikasikia kilio."

"Hivyo hivyo. Sema hujaona, kisha sema ulichosikia."

Sikumtazama Mpimaji. Dada alikuwa ananitazama mimi. Nikamsikia kijana akivuta pumzi, kisha mlango wa banda ukalia. Alikuwa ametangulia nje.

*

Chumba cha kikao kilikuwa juu ya ofisi, kinanuka rangi mpya. Mwenyekiti alikaa katikati, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba. Kulia kwake afisa wa kiwanda na mafaili yake. Haraka alikaa dirishani, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Mezani, ndani ya sahani, kulikuwa na ufunguo wa mashine wenye kichwa chekundu, na uzi wake mweusi kwa damu iliyokauka.

"Wewe ni nani?" Mwenyekiti aliniuliza.

"Mdogo wake."

"Ndugu anakaa, hasemi. Ukisema, unatoka."

Fikiria. Mimi, Kengele, niambiwe nisilie. Nilikalia mikono yangu.

Afisa alisoma tuhuma, na hiyo nayo ilikuwa na mkia mrefu. Nikaivua kimyakimya. Ilibaki: ufunguo uliachwa. Umeachwa na nani, hakusema. Kisha Mwenyekiti akaomba tamko la mashahidi.

"Hatuna tamko moja," alisema Katibu, na sauti yake ikapasuka kidogo. "Kila mtu ana lake. Ni mafupi."

Afisa aliinua kichwa. Hilo hakulitarajia. Kwa miaka yote kamati ilimletea "sisi," na alikwishajua namna ya kuikunja na kuitia mfukoni.

Mama Tanuri alisimama, akasema lake, akakaa. Babu Chachu alisimama, akasema lake, akafungua mdomo kuongeza njuga, akanitazama, akakaa. Katibu akasema hakuona.

"Hukuona kitu?" afisa alidakia, karibu atabasamu.

"Sikuona. Nilisikia mashine, kisha kilio."

"Mmekaa mahali mkapanga haya?"

"Tumekaa. Tulipanga kila mtu aseme chake tu."

Mwenyekiti aliandika. Kisha akauliza bila kuinua macho: "Aliyekuwa kwenye mizani ni nani?"

Mpimaji alisimama. Haraka aligeuza kiti chake, taratibu, mpaka wakawa uso kwa uso.

"Mheshimiwa," kijana alianza, "kwa kweli kutokana na hali ilivyokuwa siku ile, na ukizingatia kwamba kazi zilikuwa nyingi, na kila mmoja wetu akiwa katika majukumu yake, na mimi binafsi nikiwa naendelea na kupima, ambapo kwa kawaida mtu anayepima huwa anaangalia zaidi mizani, lakini pia…"

Ilikwenda. Ikapinda. Kila alipokaribia kitendo aliota tawi jingine akalining'inia. Haraka akaanza kutikisa kichwa kwa upole, kama mzazi anayemsaidia mtoto kusahau. Kucha zangu zilikuwa zimezama kwenye mbao za kiti. Ningesema neno moja tu! Neno moja ningetolewa, na dada angebaki peke yake. Nikauma ulimi mpaka nikahisi chumvi.

"…na kwa mantiki hiyo, mheshimiwa, ikawa kwamba, yaani, kwa namna fulani…"

Pumzi ilimwishia. Alisimama kinywa wazi, na hakuna aliyemsaidia. Mwenyekiti hakumsaidia. Dada yangu, ambaye angeweza kumtazama, alikuwa ameinamisha uso anatazama magoti yake, makusudi kabisa, ili kijana asijione anadaiwa.

Labda ni hilo. Sijui. Mpimaji alimeza mate.

"Haraka aliwasha mashine," alisema. "Samahani, msimamizi. Alitumia ufunguo wake. Nilimwona."

Akakaa. Kiti kililia.

"Uongo!" Haraka alikuwa ameshasimama. "Ufunguo ni mmoja! Huo hapo mezani, kila mtu anaujua!"

"Basi hutakuwa na shida," alisema Mwenyekiti. "Weka funguo zako hapa."

"Funguo zangu ni za nyumbani, mheshimiwa."

"Weka."

Alichelewa, yeye ambaye hajawahi kuchelewa. Mkono ulikwenda kiunoni, ukarudi, ukaenda tena. Aliposhusha kishada mezani alikifunika kwa kiganja. Mwenyekiti alingoja. Kiganja kikaondoka. Katikati ya funguo za makufuli na za milango, kichwa chekundu kilichomoza, pacha wa ule uliokuwa kwenye sahani.

"Ni wa akiba," Haraka alisema kwa sauti ndogo. "Kazi ikichelewa… huwa…"

"Akiba hiyo alikupa nani?"

Haraka alimtazama afisa. Afisa alitazama faili.

Mwenyekiti alirudia swali, hakujibiwa, akaandika. Kisha akasema dada yangu hakufanya uzembe wowote, na kwamba atarudi kazini mkono ukipona, idara ya kufungasha. Suala la ufunguo wa pili, alisema, litachunguzwa.

Litachunguzwa. Nalikumbuka neno hilo tangu mwaka wa mgomo, nalo halijawahi kuwa na mwenyewe. Lakini nilikuwa nimeambiwa nisiseme, na dada alikuwa analia bila sauti, akijifuta kwa bandeji.

*

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafungua banda dada alipokuja. Alisema amekuja kuninywea chai, lakini chai hakuigusa. Alikaa mlangoni akitazama lango.

"Wamemwita," alisema. "Katibu amenipitia. Wamemwita Mpimaji ofisini, peke yake. Hata shati la kazi hajavaa."

Niliokota nyundo, nikaiweka. Kichwani maneno yalikuwa yamejaa, yale yale ya miaka yote, na hakuna hata moja lililofaa. Mimi ndiye niliyewaambia kila mtu atoke kwa mlango wake. Sasa alikuwa ametoka, na walikuwa wanamngojea nje ya mlango huo.

"Nitakwenda langoni," nilisema.

"Ukafanye nini? Wewe hawakufungulii."

"Nitapiga kelele."

"Kaa."

Nilikaa. Kutoka bandani kwangu mashine za kukandia husikika siku nzima, ngurumo ya chini chini ambayo watu wa mtaa huu hawaisikii tena, kama usivyosikia moyo wako. Dada ndiye aliyeinua kichwa kwanza. Ngurumo ilipungua. Mashine moja ilikuwa imezimwa. Tukangoja. Ya pili ikanyamaza, kisha ya tatu, na mlinzi wa langoni akatoka kibandani mwake, akageuka kutazama ndani ya kiwanda.

"Nani kawaambia?" nilimuuliza dada. "Wewe?"

"Mimi nilikuwa hapa na wewe."

Kupitia vyuma vya lango niliwaona: Mama Tanuri mbele, mikono imefunikwa na unga hadi kwenye viwiko, Babu Chachu anachechemea nyuma yake, Katibu, na nyuma ya Katibu watu ambao sikuwajua hata majina, wanaelekea ngazi za ofisi. Hawakuimba. Hawakuwa na bango. Walipofika mlangoni pa ofisi walisimama, na Mama Tanuri akabisha hodi.